Bahasha Iliyofunguliwa Tetu

Wachira,

Jibu la Paula limeingia alfajiri ya leo. Ofisi yao ya udahili kule Kanada, anasema, haipokei hati ya matokeo ambayo bahasha yake imefunguliwa, hata kama karatasi zilizomo ni halali. Utaandikishwa kwa muda kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hati nyingine ikifika kabla ya Ijumaa ya wiki ya tatu ya masomo, ikiwa imefungwa na kupigwa muhuri na chuo chako cha hapa nyumbani, watakurudisha mwaka wa tatu. Isipofika, nafasi hiyo inafutwa pamoja na ufadhili, kwa sababu ufadhili ni wa wanaohamia mwaka wa tatu peke yao. Mwishoni amekushukuru kwa kusema ukweli.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo jipya, na kwa sababu asubuhi hukutaka tulizungumze. Ulinisomea ukiwa umesimama kando ya jiko, ukalaza simu kifudifudi mezani, ukasema, "Basi, mathe, ndiyo hiyo," ukamwaga chai ambayo hukuwa umeigusa. Sasa umekwenda Tetu na mjomba wako kumuaga shosho, mama yangu. Nyumba ni yangu mpaka jioni. Begi lako limesimama mlangoni. Kesho utakuwa uwanja wa ndege.

Sitakuandikia habari za soksi wala za chakula. Shosho ameshakwambia kuhusu soksi, na kanisa zima limeshakwambia kuhusu wasichana. Nataka kuandika juu ya bahasha, kwa sababu tangu Jumapili ile ya maombi kwa shosho, mimi, wewe na mjomba wako tumekuwa tukiizunguka kama mbwa anayelala njiani.

Mimi sikuwa chumbani ilipofunguliwa. Hilo unalijua. Nilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, mahali pekee pale kwa shosho ambapo simu hushika mtandao, nikimsomea mhariri habari ya uchaguzi wa kiwanda cha kahawa. Alitaka nimhakikishie jina la mwenyekiti mpya. Nilimhakikishia mara mbili. Niliporudi ndani wageni walikuwa wamefumba macho. Juu ya kitambaa cheupe cha meza kulikuwa na pasipoti yako, barua ya chuo, na karatasi za matokeo zimetandazwa moja moja kama majani ya chai yanayoanikwa. Kisu cha kupakia siagi kilikuwa kando. Shosho alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya karatasi, anaomba. Wewe ulikuwa mlangoni umebeba viti vya jirani. Wote walikuwa wamefumba macho isipokuwa mimi na wewe, na tukatazamana.

Waliposema amina, ulimuuliza kwa upole kuliko ambavyo mimi ningeweza.

"Shosho, kwani umeifungua?"

"Sasa nitaombea bahasha? Bahasha ndio inaenda kusoma?"

"Iliandikwa isifunguliwe."

"Iliandikwa Kizungu." Akacheka, akakupiga begani. "Na nimeona jina ya mzee wangu imeandikwa hapo mara mingi. Kila karatasi, Wachira, Wachira. Mungu hawezi sema hakuona."

Tangu uzaliwe amekuita mzee wangu, kwa sababu nilikuzaa nikiwa bado nyumbani kwake na jina la mume wake likakuangukia wewe. Wageni walicheka. Mama mmoja wa kanisa alisema shosho anaachwa na mume kwa mara ya pili, na shosho akajibu kwamba wa kwanza hakuaga, huyu angalau ameaga. Tukala mbuzi. Wewe hukula.

Nimejaribu kumkasirikia nikashindwa. Wiki nzima kabla ya siku ile nilikuwa nimemweleza kila mtu kuhusu bahasha. Nilimweleza mjomba wako, nikamweleza pasta, nikamweleza hata mwenye nyumba aliyekuja kuangalia bomba. Niliwaambia kwamba chuo cha ng'ambo kimeyakubali masomo yako ya miaka miwili kwa nakala uliyowatumia kwa simu, lakini sasa kinataka hati yenyewe kutoka kwa msajili, na kwamba msajili alikupa mkononi kwa sababu posta ni ya kubahatisha, na kwamba muhuri uliopita juu ya mdomo wa bahasha ndio unaowaambia kule kuwa hakuna aliyechezea alama. Mtu pekee ambaye sikumweleza ni yule ambaye mezani kwake bahasha ingewekwa. Niliona hana haja ya kujua. Nimefanya kazi ya kueleza watu mambo tangu kabla hujazaliwa, mpaka wafugaji wa Doldol nimewaeleza sheria ya ardhi, na mama yangu mwenyewe nikamwacha akae na kisu.

Na kuna jambo dogo zaidi. Tungeomba hati mbili. Msajili alikuwa ofisini, mlango ulikuwa wazi, ilikuwa ni kusema tu, tafadhali nifungie na nyingine. Sikufikiria. Kesho yake wafanyakazi wa chuo wakagoma, ofisi ya msajili ikafungwa, na tangu hapo nimekwenda pale mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa habari yoyote ya mgomo. Mlinzi sasa ananisalimia kwa jina.

Halafu akaingia mjomba wako Ndirangu.

Unajua jinsi anavyonipenda, na unajua kwamba hawezi kuona kitu kimevunjika bila kukitafutia gundi. Jumatano alipofunga duka lake la mbegu na dawa za mifugo alipita hapa, akatoa bahasha ndani ya koti kama mtu anayeleta mkate wa moto. Sikuwa najua kwamba alichukua zile karatasi. Bahasha ilikuwa mpya, ya rangi ileile, imefungwa, na muhuri wa bluu umekaa mdomoni pale panapotakiwa. Ningeambiwa nichague kati ya hiyo na ile ya kwanza, ningechagua hiyo.

"Ndirangu, hii umetoa wapi?"

"Kuna kijana hapo nyuma ya stendi. Ako na mkono mzuri, si mchezo."

"Umeghushi muhuri wa chuo."

"Dada, ngoja kwanza. Karatasi ni ile ile. Alama ni zile zile. Huyu kijana alisoma usiku na mchana, hatujamwongezea hata moja. Tumeweka gundi tu."

"Na muhuri?"

"Muhuri ni duara. Ama ulitaka nikuletee mraba?"

Ulicheka, Wachira. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Mimi sikucheka, na yeye akanigeukia.

"Wewe unaandikanga uongo ya wanasiasa kila siku, na hakuna mtu amekushika."

"Naandika kwamba wamesema. Siandiki kwamba ni kweli."

"Basi hata hii iandike hivyo. Andika, muhuri umesema."

"Uncle, nyamaza kidogo," ukamwambia. Kisha ukanigeukia ukaniuliza swali ambalo nimekuwa nikilijibu kichwani tangu siku hiyo: "Mathe, wewe ungefanya nini?"

Nilisema, "Mwandikie Paula. Mwambie bahasha ilifunguliwa, nani alifungua, na kwa nini." Sikutua hata kupumua. Nilijibu kama ninavyomjibu mhariri. Ulikaa nayo siku nzima na usiku wake, ukatoka kwenda kutembea mpaka juu kwenye mashamba ya kahawa ukarudi na matope, na Ijumaa ukaandika. Uliandika vizuri. Hukumlaumu shosho. Uliandika kwamba bibi yako aliombea karatasi kwa mikono yake na hakujua. Nilisoma mstari huo nikatoka nje kuangalia nguo kwenye kamba, ingawa hakukuwa na nguo.

Leo tumepata jibu. Sitakudanganya kwamba ukweli hulipa. Mpaka leo asubuhi umekulipa vibaya. Kama hungeandika, ungepanda ndege na bahasha ya Ndirangu, Paula angeitazama kama wanavyotazama bahasha zote, angeikata kwa kisu chake, angeona alama zako ambazo ni zako, na Jumatatu ijayo ungekuwa darasani na wenzako wa mwaka wa tatu mkisoma uhandisi wa maji. Huenda hivyo ndivyo ingekuwa. Nimekaa na watu wanaoghushi muda mrefu wa kutosha kujua kwamba wengi wao hawashikwi. Wanaoshikwa ndio hufika kwenye habari zetu, kwa hiyo wasomaji hudhani kila mtu hushikwa.

Ila kuna mmoja ninayetaka umjue. Sijawahi kukusimulia.

Ulikuwa bado shule ya msingi. Nilikuwa mahakamani hapa mjini, kwenye benchi letu la waandishi, na akaletwa kijana wa kutoka upande wa Kangema aliyekuwa akifanya kazi ya uuguzi katika zahanati. Mashtaka yalikuwa ya cheti bandia. Wakati wa kujitetea alieleza kwamba alisoma, akahitimu, cheti kikaungua pamoja na nyumba ya mama yake, na alipoomba kingine aliambiwa asubiri. Zahanati haikutaka kusubiri. Akatafuta mtu wa kumtengenezea nakala ya kile alichokuwa nacho. Chuo chake kilimtuma karani, na karani akathibitisha: ndiyo, huyu alisoma kwetu, alihitimu, na alikuwa wa kati, si mbaya. Hakimu akasema kwamba hilo linamsaidia kupunguziwa adhabu, lakini halibadilishi cheti. Akamtia hatiani.

Niliandika habari hiyo jioni. Aya ya kwanza nikaandika muuguzi wa cheti bandia ahukumiwa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa habari. Kwamba alisoma kweli, hilo nikaliweka aya ya mwisho. Magazetini, nafasi ikikosekana, mhariri hukata kutoka chini. Kesho yake nilifungua gazeti, na aya ya mwisho haikuwapo. Sikupiga simu kulalamika. Niliona ni jambo la kawaida la kazi, na lilikuwa jambo la kawaida la kazi.

Miaka ikapita. Nikatumwa Doldol kuangalia bei za mifugo wakati wa kiangazi. Sokoni, kando ya boma la mbuzi, kulikuwa na mwanamume mwenye sindano, anawadunga mbuzi wa wafanyabiashara wa Nanyuki kabla hawajapakiwa kwenye lori. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Mbuzi hakuwa amemaliza kushtuka na yeye ameshamwachilia. Nilimsogelea nimuulize ugonjwa gani umeingia, akaniangalia usoni, akasema:

"Wewe ndio uliandika mimi si nesi."

Nilimkumbuka. Nikasema, "Niliandika kwamba ulighushi cheti."

"Ni hivyo hivyo. Mama yangu alisomewa hiyo gazeti na jirani. Akaniuliza, kwani ile miaka yote ulikuwa unaenda wapi?"

"Ulirudi kuomba cheti kipya?"

"Nani atanipea? Nikitaja jina, wanajua." Akavuta mbuzi mwingine kwa sikio. "Huku ni sawa. Mbuzi haulizi cheti."

Wafanyabiashara waliokuwa karibu walicheka, naye akacheka nao. Ilionekana ni mzaha wake wa kila siku ya soko. Nilinunua maji, nikaandika bei za mbuzi, nikarudi Nyeri.

Sikusimulii ili uogope mahakama. Hakuna atakayekufunga kwa sababu ya gundi. Nakusimulia kwa sababu ya swali la mama yake. Yule kijana alikuwa na kitu cha kweli, akakivika kitu cha uongo, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kuvitenganisha, hata mama yake mzazi. Mimi mwenyewe, niliyesikia karani akithibitisha kwa masikio yangu, nilipomwona Doldol, neno la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa bandia.

Hilo ndilo lililonifanya nikujibu haraka vile Jumatano. Ningekusimulia siku hiyohiyo, ungepata sababu. Nilikupa agizo tu, na umelitii, na sasa gharama ni yako. Nimeona tangu asubuhi unavyonitazama. Hapa nyumbani umeshajiondoa chuoni, nafasi yako wamempa mwingine. Kule, barua yao inasema wazi kwamba nafasi ya anayehamia haiwekwi mpaka mwaka ujao. Hati isipofika utakuwa umepoteza pande zote mbili, na utarudi nyumbani muhula ukiisha, na watu waliokuombea watakuuliza ulirudia nini.

Sasa jambo la mwisho, nalo ndilo lililonikalisha hapa.

Adhuhuri nilikuwa nikikunja sweta yako ya kijani ambayo uliisahau juu ya kiti. Nilifungua mfuko wa pembeni wa begi niitie, nikakuta bahasha ya Ndirangu. Iko ndani ya plastiki ngumu, imewekwa kwa uangalifu ili isikunjike. Kwa hiyo unaichukua. Najua pia aliyokuambia mjomba wako alipokuja kukuchukua, kwa sababu Ndirangu hajawahi kunong'ona maishani mwake, na dirisha lilikuwa wazi. "Umeshawaambia ile ilifunguliwa, si ndiyo? Vizuri. Sasa ukifika mwambie umepata ingine. Hiyo hapo ni ingine." Wewe ulisema, "Tutaona." Mlango wa gari ukafungwa.

Sikuitoa. Nilikaa na mkono ndani ya begi kwa muda, nikaiacha pale, nikaweka sweta juu yake. Ningeweza kuichana, na ungefika kule ukiwa mwaminifu kwa sababu mama yako alikupekua. Ungekuwa pia na haki ya kunilaumu maisha yako yote. Umri wako hauniruhusu tena kukuchagulia, na Jumatano nilikuchagulia kupita kiasi. Barua hii nitaiweka mfuko huohuo, ili uzikute pamoja.

Nakwambia tu ninachokijua kuhusu Paula. Simjui sura. Ninajua kwamba uliposema ukweli hakukubembeleza wala hakukufukuza. Alikupa njia, nyembamba, na akakuandikia siku yake ya mwisho. Mtu wa namna hiyo, ukimpa bahasha na kumwambia ni mpya, atakuamini. Hatachunguza muhuri. Atakuamini kwa sababu wewe ndiye yule aliyeandika habari za bibi yake na mikono yake. Bahasha ya Ndirangu itapita kwa nguvu ya barua yako ya Ijumaa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko muhuri wenyewe.

Lakini pia ninajua kwamba mimi nitakuwa hapa nyumbani kwangu, na wewe ndiye utakayeketi mbele yake. Kama utampa, sitaandika habari yake na sitakuuliza. Nitajua tu, siku utakapohitimu, kwamba kuna aya moja iliyokatwa.

Ombi langu ni moja, na ni la kazi zaidi kuliko la mama: usimpe mtu kitu chochote kabla ya kupata ujumbe wangu wa Alhamisi. Nimezungumza na katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi leo saa sita. Anasema wanachama wake watafungua ofisi siku ileile makubaliano yatakaposainiwa, na ya msajili itakuwa ya kwanza, maana malalamiko mengi ni ya hapo. Wakili wa chuo anasema hawezi kutabiri. Nimewahi kuona mgomo kama huu ukiisha kwa asubuhi moja, na nimewahi kuona mwingine ukivuka muhula mzima. Sikuahidi kitu. Mlinzi yule wa getini ana namba yangu, na ofisi ikifunguliwa nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na nitaomba hati mbili.

Pande zote mbili za mgomo zinarudi mbele ya jaji wa mahakama ya kazi Alhamisi, saa tatu asubuhi. Kule utakuwa umelala. Miadi yako na Paula ni baadaye siku hiyohiyo, asubuhi ya kwao. Nitakutumia ujumbe jaji akiinuka, yaliyosemwa na aliyeyasema, kabla sijampigia mhariri.

Mama